Hapa Hatuangalii Masikio

Kwetu mtoto akizaliwa, hata hajanyonya vizuri, kuna mtu atamshika sikio. Anakunja ukingo wa juu kwa kidole, anatazama rangi yake, halafu anatangaza. Ukingo ukiwa mwekundu-mwekundu, wanawake wanapiga vigelegele upya: huyu atakuwa mweupe. Ukiwa mweusi wanasema, "Haya, Mungu ni mwema," kwa sauti ya mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Watoto wachanga wote wana rangi ya kung'aa, uso haukwambii kitu, basi wanasema siri iko kwenye sikio. Wavulana nao wanaangaliwa, lakini ni kama mchezo tu. Sijawahi kumsikia mtu akisikitika kwamba kazaa mvulana mweusi.

Binti yangu wa kwanza nilimwangalia mwenyewe. Sikumsubiri mama mkwe, sikumsubiri mtu. Nesi aliniwekea mtoto kifuani, nikamkunja sikio, nikaona ukingo mweusi kabisa, nikalia. Nesi akafikiri nalia kwa furaha. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wangu mzima, vidole kumi, sauti kali, na mimi nalia kwa sababu ya sikio. Nikikumbuka leo napata hasira, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi.

Asiye wa huku lazima nimweleze, asije akadhani tulikuwa wendawazimu. Usukumani mahari ni ng'ombe, na mwanamke mweupe anatolewa ng'ombe wengi. Si siri, watu wanasema hadharani wakicheka. Mimi na mdogo wangu tulikulia upande wa Bukundi, Meatu, baba mmoja mama mmoja. Yeye alitoka maji ya kunde, mimi nikatoka hivi nilivyo. Kwenye kuchuma pamba nilikuwa namwacha nyuma mistari miwili, na jioni nilibeba furushi langu na nusu ya lake. Alipoolewa walikuja ng'ombe kumi na nane. Mimi walikuja tisa. Baba aliwafungia zizi moja, na wageni wakija anawaonyesha kwa fimbo: "Wale ni wa mdogo. Hawa hapa ni wa mkubwa." Nilikuwa nikienda kusalimia nyumbani napita pale zizini. Hakuna aliyenitukana. Lakini mtu akipita kila mara mbele ya namba yake, mwishowe anaamini hiyo ndiyo namba yake.

Siku washenga walipokuja kwa ajili yangu, nilimsikia baba akiniuza kwa maneno haya: "Huyu ni wa kazi." Alikuwa ananisifia. Nilifurahi hata.

Kwa hiyo nilipoona lile sikio jeusi nilifanya nilichodhani ni upendo. Nilimnunulia binti yangu kofia pana ya kitambaa, ya bluu, na blauzi ya mikono mirefu. Msimu wa pamba, kaka zake wanazunguka kifua wazi, yeye kavaa kama anakwenda kurina asali. Akitoka kidogo namwita, "Rudi kivulini, utaungua!" Kaka zake sikuwahi kuwaambia wataungua. Wageni wakimsifu kwamba ana akili darasani, mimi nilikuwa najibu, "Ndiyo, ila rangi ndiyo kachukua ya kwangu." Naongea hivyo yeye yuko pale pale, amepiga magoti na sinia la maji mkononi, anasubiri mgeni apokee glasi.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilipofika miaka thelathini na minane, tumeshahamia hapa ukingoni mwa mji wa Bariadi, nikaanza masomo ya jioni. Saa kumi namaliza kazi za nyumbani, saa kumi na moja niko darasani na wenzangu: mafundi, mama lishe, mlinzi mmoja wa benki. Siku moja kwenye Baiolojia mwalimu akafika kwenye ngozi. Akasema weusi ule ni kinga, mwili unautengeneza ili jua lisituharibu. Akachora na mchoro. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Kwa hiyo mtu mweusi zaidi amekingwa zaidi?" Akasema ndiyo. Darasa likacheka, mlinzi akasema, "Mama umepona!" Nami nikacheka. Nilikwenda nyumbani nimejaa furaha, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba hakukosea aliponiumba. Nilisali hivyo kweli. Na kesho yake, Mungu anisamehe, nikamwambia binti yangu avae kofia.

Yale ya darasani yalibaki kwenye daftari.

Binti yangu alifaulu, akaenda chuo cha uuguzi. Likizo ya mwaka wa pili alirudi uso umebadilika. Umekuwa mwekundu, laini, unang'aa kama umepakwa siagi. Nilijua ni mkorogo, nani asiyejua, vichupa vile visivyo na jina vinauzwa kila kona. Halafu huyu ni mtu anayesomea dawa! Na unajua mimi mama yake nilisema nini? Nilisema, "Umependeza." Neno moja. Akatabasamu, akaenda chumbani kupaka tena.

Kufika mwisho wa mwaka huo kipaji cha uso kilikuwa na mabaka. Jua likimpiga anaweka kiganja usoni kama mtu anayetazama mbali. Akipika anakaa upande, moshi na joto vinamchoma. Nikamwambia aache. Akanijibu kwa heshima zote, "Mama, wanakuja mwezi wa nane. Wakishatoka nitaacha."

Waliokuwa wanakuja ni watu wa mchumba wake, kutoka Mwamanyili, Busega. Kijana ni mwalimu wa msingi, walikutana kanisani, wanapendana wenyewe. Sikuwa na neno naye. Basi mwezi wa nane, pamba imeshatoka shambani, wakaja: wanaume wanne na shangazi mmoja wa yule kijana. Mume wangu alikaa na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Mimi nilikuwa jikoni, kama ilivyo. Kwenye kikao cha mahari mama mzazi haongei. Umebeba mimba, umelea, umesomesha kwa kuuza michembe ya viazi na karanga, siku ya kumpangia mtoto wako mahari unapuliza kuni.

Binti akaitwa kusalimia. Nilimwona kwenye upenyo wa mlango. Kapiga magoti, kanyoosha mikono miwili, "Mwadila," anazunguka mmoja mmoja. Alipofika kwa shangazi, yule mama akaushika mkono asiuachie. Akaugeuza. Akasugua vifundo vya vidole kwa dole gumba, kama anayepima kitambaa dukani. Mkorogo vifundo hauviwezi, vinabaki vyeusi. Akacheka kidogo, akawageukia wazee wake:

"Uso huu na vidole hivi havikuzaliwa siku moja."

Wakacheka. Binti yangu bado yuko chini, mkono umeshikwa.

Mshenga wao akakohoa. Akasema wao walileta hesabu ya msichana waliyemwona kwenye picha ya simu, na kwa kweli yule wa kwenye picha si huyu, kwa hiyo ng'ombe itabidi wapungue. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayerudisha gunia la mpunga lililochanganywa na mawe.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kutoka na jagi na beseni, maana chakula kiko tayari na wageni wananawishwa na mama mwenye nyumba. Nikapiga magoti mbele ya mzee wao wa kwanza. Niko pale chini, maji mkononi, na mabishano yanapita juu ya kichwa changu. Kilichonimaliza hakikutoka kwao. Kilitoka upande wetu. Shemeji yangu, baba mkubwa wa huyo mtoto, akaanza kumtetea.

"Nani mweusi?" akasema. "Huyu kaungua jua la chuo tu! Mama yake mdogo ni mweupe pee, alitolewa kumi na nane. Damu iko ndani, itatoka kwa watoto."

"Ndani hatuoni, baba," mshenga akasema.

"Basi mwangalieni masikio!"

Na yule shangazi akanyoosha mkono kwenye kilemba cha binti yangu.

Mtu mzima. Miaka ishirini na mbili, anayechoma sindano, anayezalisha wanawake wenzake, anafunuliwa masikio mbele ya wanaume sita kama mtoto aliyetoka tumboni. Na hakukataa. Aliinamisha kichwa upande ili kilemba kitoke kwa urahisi. Kile kichwa kilivyoinama nakiona mpaka leo. Nilikifundisha mimi.

Nikasimama. Nilisimama na jagi.

"Toa mkono, shangazi," nikasema.

Akatoa. Nadhani kwa mshangao tu.

Mzee wao akamwuliza mume wangu, hakuniuliza mimi, "Nani huyu anaongea?"

"Mama, kaa," mume wangu akasema.

"Nimekaa miaka ishirini na mitatu, baba. Leo nimechoka kukaa." "Nauliza tu wazee wangu. Hao ng'ombe mtakaoleta, mmoja akiwa mweusi, tumkate mguu? Tuseme huyu maziwa yake ni nusu?"

Mzee mmoja wa kwao, wa pembeni, akacheka kabla hajajizuia. Akajifuta mdomo.

"Kijana wenu ni mweusi kuliko sufuria yangu ya ugali," nikaendelea, "na hakuna hapa aliyemkunja sikio. Mimi sijamwita nje nimpime. Alikuja, akasalimia, tukampa kiti."

"Shemeji," kaka wa mume wangu akaniambia kwa ukali, "nilikuwa namtetea mtoto wako. Nilikuwa nakupandishia ng'ombe!"

"Usimpandishe kwa hivyo. Ukisema ni mweupe ndani, umekubali kwamba mweusi ni pungufu. Mmekaa pande mbili lakini mnasema neno moja."

Nikamshika binti mkono nikamwinua. Tukatoka. Na jagi nikatoka nalo. Sikupanga, lilikuwa tu mkononi, lakini bila maji ya kunawa nani atagusa ugali? Kuku wawili na wali na ugali vikapoa. Wageni wakaagana na mume wangu uani, nikasikia pikipiki zao. Wageni wa mahari kuondoka bila kula, kwetu hiyo ni aibu ya kusimuliwa miaka. Na ilisimuliwa. Jumapili yake, baada ya ibada, akina mama wenzangu wa kwaya waliniweka kati.

"Mama, ulimvua mume wako nguo," mmoja akasema.

"Mwanamke anayesali hanyanyuki kwenye baraza la wanaume."

Nikawauliza ni wapi Mungu alisema ametuumba kwa daraja, huyu wa kumi na nane, huyu wa tisa. Hawakukubali. Mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote, nilimwona shingo yake: nyeusi, uso mwekundu. Nikamwonea huruma, na hasira ikanizidi. Kila Jumapili tunaimba kwamba ni kazi ya mikono yake, tukirudi nyumbani tunaisugua hiyo kazi itoke.

Mume wangu hakunigombeza. Alinyamaza wiki tatu, na mtu aliyeishi na mwanaume mkimya anajua ile si amani. Lakini aliyenivunja ni binti. Nilidhani atanishukuru! Alikuwa anafua, mgongo amenipa.

"Umenivunjia ndoa, mama."

"Nimekutetea."

"Leo?" Akageuka. "Leo ndiyo umeona mimi mzuri? Nani alinivalisha kofia? Kaka zangu wanaogelea lamboni, mimi nimekaa mlangoni na kofia. Nilikuwa nafikiri ninaumwa. Niliwahi kumwuliza mwalimu darasa la pili kama nina ugonjwa." Akaendelea kukamua nguo. "Na niliporudi chuo na uso huu ulisema nimependeza. Hujawahi kusema hivyo kabla. Hata siku moja, mama."

Nilitafuta siku moja ya kumtajia. Nilitafuta kweli, kichwani, nimesimama pale. Sikuipata.

Kwetu mzazi haombi msamaha kwa mtoto. Anaweza kukuletea soda, anaweza kukuita kwa jina la utani, utajua mwenyewe yameisha. Mimi nikasema kwa mdomo: "Nilikosea. Nilikuangalia masikio siku uliyozaliwa nikalia, na sikuacha kukuangalia hivyo. Wewe huna kosa. Kosa ni langu." Alianika nguo zote, akaingia ndani. Na mkorogo hakuacha siku hiyo. Wala mwezi huo. Aliuacha alipopata kidonda cha shavuni ambacho hakikupona hadi wenzake wa wodini walipomkalisha na kumsema. Nilimuuguza. Nilimpaka dawa asubuhi na jioni, ngozi ya zamani ikaanza kurudi pembeni ya kidonda, na kila ilipoongezeka nilimwambia, "Inarudi. Nzuri." Mwanzoni nilijisikia kama nasoma risala. Nikaendelea kusema.

Yule kijana alikuja peke yake mwezi wa kumi. Akaegesha pikipiki, akasalimia kwa kuinama sana, akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Lakini mimi sikusema neno lolote kuhusu rangi."

"Ndiyo kosa lako," nikamwambia. "Uliwatuma watu wakuongelee, wakasema hayo, wewe ukanyamaza."

Akainama tena. Halafu akasema, "Ni kweli, mama." Nikampa chai. Aliongea na binti chini ya banda la jikoni, mlango wazi, mimi nachambua mchele kwa mbali. Sikusikia walichosema. Nilimwona binti yangu anaongea sana na yeye anaitikia, na hilo lilinitosha.

Wazee walirudi mwaka uliofuata. Mimi jikoni tena, na shemeji alikuwa kanikataza hata kuchungulia. Wakaomba binti aitwe asalimie. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, ambaye hakuwa amenizungumzia jambo hilo tangu siku ile, si kwa wema wala kwa ubaya.

"Binti yangu mnamjua," akasema. "Leo hatoki kuangaliwa. Tuongee."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Kijiko kilinidondoka, moshi ukaniingia machoni, au tuseme ni moshi. Mtu atauliza walitoa ng'ombe wangapi. Sitasema. Nimechoka na hiyo namba. Aliolewa kanisani, na uso wake mwenyewe, una kovu dogo shavuni, na kwenye picha alimkataza mpiga picha asilifute.

Mwaka huu amejifungua. Msichana. Hospitali hapa hapa Bariadi, asubuhi, nilikuwa nje na chupa ya uji. Tulipoingia tulikuwa wawili, mimi na yule shangazi wa Mwamanyili. Tumeshazoeana sasa, ni mtu wa utani, kaniletea hata matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha. Akamsalimia mzazi, akamshukuru Mungu, akasogea kitandani, akafunua khanga kichwani mwa mtoto kwa kidole kimoja.

Binti yangu akaweka kiganja juu ya sikio la mwanae. Taratibu, bila hasira.

"Shangazi, hapa hatuangalii masikio."

"Heh! Kwani kuna nini huko?"

"Kuna masikio."

Yule mama akacheka, akanitazama mimi nimsaidie. Sikuweza kumsaidia. Nilikuwa natazama mkono wangu. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda, na kidole changu, haki ya Mungu sikukituma, kilikuwa kimeshanyooka, kimefika nusu ya njia. Miaka yote hiyo ya kusali, ya masomo, ya kusimama na jagi, na kidole bado kinajua njia.

Binti alikiona. Alikitazama, akanitazama usoni, na kiganja hakukiondoa.

Nikaurudisha mkono ndani ya khanga. Nikamwuliza binti kama mtoto amenyonya.